Tulivyozunguka Ulaya kwa bei nafuu wakati wa Kwaresima, mimi na Mama Espe wa Bwera

Wakuu, salaam kutoka Bwera, mpakani kabisa mwa Uganda na Kongo, ambako ukipiga chafya Mkongo wa ng'ambo anakuombea afya.

Kazi yangu ni kutunga hadithi, kwa hiyo najua kuna watakaosoma uzi huu kwa jicho moja. Haki yenu. Lakini huu sijautunga. Majina nimebadilisha, na nchi moja sitaitaja kwa sababu anayeishi huko ameniomba. Mengine yote ndivyo yalivyokuwa.

Kila mwezi humu mtu anauliza: je, mtu wa kawaida asiye na mjomba ubalozini anaweza kuzunguka nchi kadhaa za Ulaya na begi la mgongoni, bila kuuza shamba? Nasema ndiyo. Ila safari yenyewe haikuwa yangu. Mimi nilidandia tu.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la Mama Espe. Yeye kwao ni Butembo, upande wa Kongo. Alivuka na watoto miaka ile mambo yalipoharibika upande wa Beni, akabaki hapa Bwera. Anauza mawese, makayabo, yaani samaki wa chumvi, na vitenge. Jumapili anaimba kwaya, sauti ya pili, na akikosea anacheka katikati ya wimbo mpaka paroko naye anacheka.

Katika watoto wa mama yake wamebaki wawili tu: yeye na mdogo wake, Biira. Huyu Biira aliingia utawa akiwa msichana, na sasa yuko Ulaya katika monasteri ya wale masista wasiotoka nje. Wanasali, wanalima bustani, wananyamaza.

Mama yao alifariki hapa Bwera. Tulimzika. Biira hakuja, kanuni yake haimruhusu.

Sasa shikeni hapa, maana safari yote imesimama juu ya jambo hili. Katika familia yao matanga hayafungwi mpaka watoto wote wa marehemu wale kutoka sahani moja, na mkubwa ndiye anayemega tonge la kwanza. Wote, asikosekane mmoja. Kabla ya hapo nyumba bado iko kilioni, na nyumba iliyo kilioni wanawake wake hawasuki nywele, wala haipokei mahari.

Na mahari ilikuwa mlangoni. Espérance, binti mkubwa wa Mama Espe, alikuwa na mchumba wake, kijana wa Kitswamba. Wazee wa kijana walishakuja mara mbili, mara zote wakanywa chai na kurudi na maneno yao mdomoni.

Siku moja Espe akamwambia mama yake mbele yangu, "Mama, kama ni sahani tu, si mupige video? Yeye kule, weye huku, mule pamoja."

Mama Espe alikuwa anapima mawese. Hakuinua hata kichwa. "Sahani ya simu inashibishaka nani?"

 

Basi tukaomba viza yake mara ya kwanza, mimi nikimjazia fomu. Tuliandika sababu: kumtembelea ndugu. Tukakataliwa. Na hapa, wakuu, ndipo penye kosa ambalo nadhani ni sisi tu wa milima hii tunaoweza kulifanya.

Kwa wasiotujua: Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wamoja waliogawanywa na mto na bendera. Sisi mtoto hupewa jina kwa nafasi yake ya kuzaliwa. Masika ni binti wa kwanza. Biira ni binti wa pili. Mimi ni Thembo, maana yake kuna kaka wanne waliokula kabla yangu. Lile jina la ukoo ambalo Mzungu humpa mke, mtoto na hata mbwa, wengi wetu hatuna.

Jina la Mama Espe ni Masika. Tulipomaliza kujaza maombi tulijiona tumeweka ushahidi wa kutosha kufunga kesi. Masika anakwenda kumwona Biira! Hata mtoto anayeuza karanga Kinyamaseke angejua hao ni tumbo moja. Wala hatukuhangaika kueleza.

Jibu likaja kwamba undugu haukuthibitishwa. Siwalaumu. Kwao walikuwa wanawake wawili wasiochangia hata silabi moja.

Mama Espe aliketi juu ya jerikani tupu nje ya duka. Akaniambia nimsomee tena. Nikasoma tena.

"Kwa hiyo Biira haiko mudogo yangu?" akauliza. "Ni miye nilimubebaka ku mugongo. Bo balikuwa wapi?"

Siku ile duka lilifungwa mapema.

Mara ya pili tulijipanga. Paroko alituandikia maelezo ya jinsi majina yetu yanavyokwenda, kwa Kifaransa safi, akaambatanisha vyeti vya ubatizo vya dada wote wawili vyenye majina ya baba yule yule na mama yule yule. Tukamwandikia pia mkuu wa monasteri.

Yule akajibu kwa upole kwamba karibuni, ila wakati wa Kwaresima masista hawapokei wageni. Mje baada ya Pasaka.

Nikaingia kwenye tiketi. Wakuu, kalenda ya ndege na kalenda ya Kanisa hazipendani. Ndege za bei poa zilikuwa katikati ya Kwaresima, Ulaya ikiwa bado na baridi na hakuna anayetaka kwenda. Karibu na Pasaka bei inapaa kama kipanga.

Mimi nilikuwa nimedunduliza kwa miaka, fedha za kutafsiri na kuhariri, nikiota kuzunguka Ulaya kwa miguu yangu kabla sijaandika riwaya yangu ya pili. Wenzangu wa kikundi cha waandishi pale Kasese walikuwa wameshaigeuza ndoto hiyo kuwa utani. Mtu akichelewa kikao wanasema amekwenda Ulaya ya Thembo.

Nikamwambia Mama Espe, "Tuingie mapema, wakati tiketi ni rahisi. Tuzunguke nchi kwa basi, tukisubiri Pasaka. Halafu monasteri."

"Tuzunguke wapi? Miye niko na mudogo mumoja. Haiko kila inchi."

"Kusubiri huko kwa basi ni nafuu kuliko kusubiri huku kwa ndege, Mama."

Akafikiri. Mfanyabiashara wa mpakani ukimwonyesha njia ndefu yenye nafuu humpotezei muda. "Kwaresima njo jangwa," akasema. "Basi tutembee mu jangwa."

Kuna afande mmoja, mtu wa kaskazini, anaishi kambini na ni mteja wa makayabo. Alitusikia. "Wewe mwandishi! Unapeleka hii mama wapi?"

"Ulaya, afande."

"Ulaya ya ndege?"

"Ya ndege, halafu ya basi."

"Baridi itaua nyinyi. Vaa soksi mbili. Hiyo si ushauri, hiyo ni amri."

Mama Espe akampigia saluti na kijiko cha kupimia mawese. Duka zima likaangua kicheko.

Sasa mambo ya kazi, kwa wenye kalamu.

Viza moja ya Schengen inakupitisha nchi nyingi, lakini unaiomba kwenye nchi ya lengo kuu la safari, au utakayokaa muda mrefu zaidi. Kwetu ilikuwa nchi ya monasteri. Usiombe kwa nchi unayodhani ni rahisi halafu ukalale kwingine, watajua.

Andika mpango wa kila siku, na uandike ukweli. Sisi tuliweka kila mji, kila mwenyeji, na mwisho monasteri. Bima ya safari ni lazima. Akaunti yako ya benki ionekane inaishi, inapumua, isiwe imelishwa ghafla wiki moja kabla kama ng'ombe wa mnada.

Safari hii walitupa viza, yeye na mimi.

Msiniulize jumla ya gharama, bei zinabadilika kila msimu na nisingependa mtu apange safari kwa namba zangu. Nitasema tu wapi tulibana. Na kubana kwenyewe kulikuwa na mwenyewe.

Wafanyabiashara wa Butembo wana desturi moja: katika mji wa soko hulali gesti, unalala kwa mtu wako. Huna mtu? Unatafuta kanisani mpaka umpate. Na akija mji wako, mlango ni wako kumfungulia. Mama Espe aliichukua desturi hiyo kama ilivyo akaipandisha ndege. Wiki kadhaa kabla hatujaondoka alipitisha maneno kwenye kwaya. Wakuu, kwaya ya Bwera ina ubalozi kila mji! Huyu ana binamu Roma, yule ana shemeji Munich, mwingine alisoma na mama mmoja aliyeko Lyon. Wote wakakubali, wakatuma barua za mwaliko.

Tulishukia Roma, ndege ya huko ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote. Binamu wa mwimbaji wetu alitulaza sebuleni. Mchana tulitembea. Chemchemi za maji ya kunywa ziko barabarani, bure, maji baridi ya kusisimua meno, basi chupa zetu hazikununuliwa tena. Makanisa hayana kiingilio. Mama Espe aliingia kila kanisa tulilopita, akapiga goti, akainuka akaangalia dari akiwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Nilisoma habari za dari hizo maisha yangu yote. Sikujua kuwa sura ya mtu anayeziangalia ni nzuri kuliko zenyewe.

Chakula? Kwaresima ilitubebea bajeti. Mama Espe hali nyama mpaka Pasaka, nami nikaona aibu kula peke yangu. Mkate, maharage, nyanya, machungwa. Tulikuwa tunakwenda sokoni wakati wauzaji wanakunja meza, maana hapo bei hulegea. Kiitaliano hatukijui wote wawili. Alipatana kwa vidole, nyusi na kicheko, akaondoka na mfuko umejaa, na muuzaji amemwongezea limao.

Kutoka Italia tukapanda basi la kupitia Austria. Mabasi ya mbali ni nafuu kuliko treni ukikata tiketi mapema, na ukipanda asubuhi unapata na mandhari. Milima ilipotokea nilikuwa nasinzia. Akanipiga kiwiko.

"Thembo. Angalia. Barafu."

Sisi wa Kasese tunayo yetu juu ya Rwenzori, na asubuhi nyingine mawingu yakifunguka unaiona hata ukiwa umesimama pale stendi. Lakini hii ilikuwa imeshuka mpaka kandoni mwa barabara, nyeupe, imelala juu ya mapaa ya nyumba.

"Ya kwetu inajifichaka," akasema. "Hii haina haya."

Akacheka mpaka Mzungu wa kiti cha mbele akageuka, naye akacheka bila kujua kwa nini.

Innsbruck hatukuwa na mtu. Tukalala hosteli, ile ya vitanda vya ghorofa na jiko la pamoja. Chagueni yenye jiko, hiyo ndiyo siri ya kula vizuri. Chumba kilikuwa na vijana wa kila rangi, simu mkononi, kila mmoja katika dunia yake. Mama Espe hakukubali. Alipita kitanda kwa kitanda akampa kila mtu mkono. "Bonjour. Masika. Congo." Mpaka jioni jiko lile lilikuwa na sufuria moja kubwa ya maharage na watu wa nchi sijui ngapi wameizunguka. Msichana mmoja wa Kipolandi alimwita maman hadi tunaondoka.

Mimi nimehudhuria mikusanyiko ya waandishi inayozungumzia udugu wa binadamu. Hakuna uliofika nusu ya jiko lile.

Lakini kuna jambo lilianza kunikera. Mama Espe alikuwa amebeba unga wa muhogo kutoka nyumbani, wa kupikia ile sahani moja ya matanga. Kila nyumba tuliyofika alichota akampa mwenyeji. Roma alichota. Munich alichota zaidi, maana mama wa pale aliushika unga ule akaunusa, machozi yakamtoka. Na Munich ilikuwa Jumapili, maduka yote yamefungwa (kumbukeni hilo, Ujerumani Jumapili hupati hata mkate kirahisi), basi tukaula ugali huo huo, nyumba nzima.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, huu unga si wa Biira? Utafika monasteri na nini?"

"Unataka niingie mu nyumba ya mutu mikono bule?"

"Nataka ufunge matanga!"

Akaufunga mdomo wa mfuko. "Mama yetu alipokeaka batu wa vita mpaka kitanda yake ikakosa nafasi. Nikifika kwa Biira na unga mingi, na njiani nimenyima batu, atauliza: weye uko mutoto wa nani?"

Nikaubeba mfuko ule mwenyewe mpaka mpaka wa Ufaransa.

Lyon ndiko tulikoisherehekea Pasaka, kwa wale Wakongo wa parokia. Walimpa nafasi kwenye kwaya, sauti ya pili. Hapo mfuko wa unga ulikuwa umebaki kitambaa tu. Aliufua, akaukunja.

Usiku wa kuamkia siku ya monasteri sikulala vizuri. Huko Kifaransa chake kilitosha na mimi sikuhitajika, nilikuwa na muda wa kuhofia. Tumepita nchi zote hizi, tumefika mlangoni, je, wakikataa?

Monasteri iko pembeni ya kijiji, ukuta wa mawe, miti ya matufaha imeanza kutoa maua. Sista mmoja alituingiza katika chumba cha wageni. Chumba kimegawanywa katikati na kimia cha mbao chenye matundu, na chini yake kidirisha kidogo chenye kufuli.

Biira akaingia upande wa pili.

Sitaeleza sana. Walishikana vidole kupitia matundu. Mama Espe alikuwa anamwangalia kama mtu anayehesabu kama viungo vyote vipo. Waliongea Kinande, haraka haraka, kisha wakanyamaza, kisha haraka tena.

Mkuu wa monasteri alikuja, mama mzee mrefu mwenye sauti ya chini. Mama Espe akamweleza kwa Kifaransa habari ya sahani moja.

Mama Mkuu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole sana kwa msiba. Lakini dada zetu hawali na wageni. Ndiyo kanuni yetu tangu mwanzo. Chakula chenu kitaletwa hapa, na yeye atakula na wenzake ndani. Saa ni ile ile, chakula ni kile kile."

Nikamwangalia Mama Espe. Espe, mahari, wale wazee wa Kitswamba, miezi yote ile ndani ya kilio, vyote vilikuwa usoni pake.

"Mama Mkuu," akasema, "mimi si mgeni. Mimi ni Masika."

Yule hakuelewa. Angeelewaje?

Ndipo Biira akaongea kutoka nyuma ya kimia. Kwa Kifaransa, polepole, kama mtu asiyezoea tena kuomba.

"Mama, jina lake maana yake ni kwamba alifika duniani kabla yangu. Jina langu maana yake ni kwamba yeye yupo. Nilipoingia hapa niliacha kila kitu. Hilo sikuweza kuliacha."

Nje ndege mmoja alikuwa anapiga kelele kwenye mtufaha.

Mama Mkuu akatoka. Nikajua imekwisha, nikaanza kutafuta begi langu kwa mguu chini ya kiti.

Alirudi ameshika sinia kwa mikono yake miwili. Viazi na maharage kutoka bustani yao, sahani moja kubwa. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kile kidirisha, akaweka sahani pale kizingitini, nusu huku nusu kule. Kijiko hakuweka, sijui alijuaje.

Mama Espe akanawa. Akaponda kiazi kwa vidole, akachanganya na maharage, akamega. Akanyoosha mkono akamlisha mdogo wake kwanza. Kisha akala yeye.

Biira alipomeza, akalia. Si machozi ya kanisani. Alilia kilio cha kwetu, kile cha kuita mama kwa jina, kile kinachosikika ng'ambo ya mto. Ndani ya nyumba ya ukimya! Mama Mkuu aligeuka nikadhani anakwenda kumnyamazisha. Alikwenda kuufunga mlango wa ukumbini. Kisha akasimama pale pale pamoja nao, mgongo kwenye mlango, mikono imekunjwa, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Walimaliza sahani. Mimi sikupewa hata kiazi kimoja, wala sikustahili.

Kesho yake asubuhi, mjini, tukisubiri basi la kuanza safari ya kurudi, Mama Espe akajishika kichwa chini ya kilemba. "Thembo, hapa batu weusi banasukaka nywele wapi?"

Tulipata saluni nyuma ya stesheni. Alikaa kwenye kiti kile asubuhi nzima akipiga soga na Wakameruni, na alipotoka nilimpita mlangoni bila kumtambua.

Wakuu, mahari ya Espe imepokelewa. Wazee wa Kitswamba safari hii walikula, si chai.

Nilichojifunza ni viwili. Kwanza, usidhani mtu wa mbali anajua unachokijua wewe tangu titi la mama. Undugu wako, mila yako, sababu yako ya kusafiri, vieleze kana kwamba unamweleza mtu aliyetoka mwezini, ueleze na kwa karatasi. Pili, ramani ya safari nafuu haianzii kwenye bei. Inaanzia kwa watu. Nilidhani nitarudi na maelezo ya miji, nimerudi na mama mmoja ambaye sijui kama kalamu yangu inamtosha.

Uwanja ni wenu. Waliopita njia nyingine watueleze walivyobana, wenye maswali ya viza waulize, nitajibu kwa nilichokiona kwa macho. Na kama kuna mtu wa Kasese aliyewahi kukwama kwa sababu ya majina yetu haya, hebu aseme alijinasuaje, maana Espe na mumewe wameshaanza kuuliza nao wataombaje viza.